PAKA WADOGO NDANI YA NYUMBA: JINSI YA KUISHI NAO NA KULINDA MALI ZAKO

Leo siasa na soka naviweka pembeni kidogo. Nataka tuongelee viumbe waliopo kwenye nyumba nyingi za kibongo lakini hakuna anayekaa chini kutueleza habari zao: paka wadogo wa ndani. Simaanishi yule paka mzee wa mtaa anayeota jua juu ya bati. Naongelea hawa wa miezi miwili mpaka sita, wanaopanda pazia saa kumi na moja alfajiri, wanaotafuna waya wa chaja na kulifanya kochi la mama lionekane kama limepita kwenye mashine ya kukoboa!

Kwa nini niandike? Kwa sababu najua kinachofuata. Kochi likichanika, mzee anasema mnyama atoke. Mwenye nyumba akisikia harufu, anasema mnyama atoke au mtoke wote. Mwishowe paka wa miezi mitatu anatiwa kwenye kiroba usiku na kutupwa sokoni. Viroba hivyo mimi nimeviona kwa macho yangu, na jamani, havisahauliki. Kinachouma ni kwamba kesi nyingi za hivyo zingezuilika kwa kamba, beseni la mchanga na dakika kumi na tano za mchezo.

Mimi ni mpangaji. Naishi na shangazi yangu, fundi cherehani, kwenye vyumba viwili, pamoja na paka wawili ndugu, dume na jike, tuliowachukua wakiwa na wiki tisa. Dume anaitwa Chenji, jike anaitwa Koroboi. Sio daktari mimi, nimemaliza kidato cha nne tu, lakini kusoma najua na kuuliza najua. Hapa nimechanganya yale yanayofahamika kwa wataalamu wa mifugo na yale tunayoyafanya sisi wenyewe kila siku. Najua mko kafe na dakika zinakimbia, kwa hiyo nimegawa vipande vipande. Chukua unachokitaka.

1. KWANZA MJUE HUYU NI NANI

Paka wote wa nyumbani, awe wa Uzunguni au wa Uswazi, wametokana na kimburu, yule paka mwitu wa Afrika ambaye kisayansi anaitwa Felis lybica. Kimburu yupo porini mpaka leo, hata hapa Tanzania. Mwaka 2004 wanaakiolojia walitangaza kaburi la kisiwani Cyprus, lenye umri wa miaka kama 9,500, ambamo mtu na paka walizikwa jirani. Kwa hiyo huu ushkaji ni wa zamani sana. Ila kwa muda wote huo mwili wa paka haujabadilika sana. Ni mwindaji.

Paka mkubwa hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na mdogo hulala zaidi. Nguvu zake anazitumia kwa mikupuo mifupi mifupi, hasa alfajiri na jioni kiza kinapoingia. Huo ndio muda ambao panya na ndege wanatembea. Basi akianza kukimbia ukutani saa kumi na moja alfajiri, msimwite mganga. Yupo kazini.

Umri nao una mambo yake:

- Wiki ya 2 hadi ya 7: ndio kipindi anachozoea watu. Akishikwa na binadamu kwa upole siku hizi, atakuwa mpole maisha yake yote.
- Wiki ya 8 hadi ya 12: umri mzuri wa kumtoa kwa mama. Usimchukue kabla ya hapo, maana mama na ndugu zake ndio wanaomfundisha kutokuuma kwa nguvu.
- Mwezi wa 3 na nusu hadi wa 6: meno ya utotoni yanatoka, ya kudumu yanaota. Fizi zinamwasha, kila kitu anatafuna. Chungeni waya!
- Mwezi wa 4 hadi wa 6: anaanza kupevuka. Jike anaweza kupata mimba, dume anaanza kunyunyiza mkojo ukutani.

Ukiweza, chukua wawili badala ya mmoja. Najua inaonekana kama kuongeza matatizo, lakini wawili wanamalizana nguvu wenyewe kwa wenyewe. Mmoja akiwa peke yake, mwenzake wa kupigana mieleka ni mguu wako.

2. KOCHI NA KUCHA

Watu wengi wanadhani paka anakwangua kochi kwa ubishi. Siyo. Anapokwangua anafanya mambo matatu kwa mpigo: anavua ganda kuukuu la kucha, ananyoosha misuli ya mgongo na mabega, na anaacha harufu yake kutoka kwenye tezi zilizopo chini ya vidole. Huwezi kumkataza, kama ambavyo huwezi kumkataza mtu kupiga miayo. Unachoweza ni kumpa mahali pengine.

Dawa yake ni gogo la kukwangulia, na bahati nzuri malighafi tunayo wenyewe: KATANI. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yapo Tanga mpaka leo. Huko Ulaya watu wananunua magogo ya paka yaliyozungushiwa kamba ya katani kwa pesa nyingi, na sisi kamba hiyo ipo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tengeneza hivi:

- Tafuta nguzo ya mbao nene kama mkono wa mtu mzima, urefu wa sentimeta 70 mpaka 90. Ikiwa fupi haimsaidii, maana anataka kujinyoosha mwili mzima.
- Ipigilie misumari juu ya ubao mpana na mzito. Ikiyumba mara moja tu, ataikimbia na kurudi kwenye kochi.
- Zungusha kamba kwa kuibana sana, mzunguko juu ya mzunguko, uifunge kwa misumari midogo huku na huku. Kagua kichwa cha msumari kisijitokeze.
- Iweke PEMBENI YA KOCHI analolipenda, siyo uani. Akishaizoea, unaisogeza kidogo kidogo kila siku.

Kamba ikichakaa, usiikimbilie kuitupa. Kwake inanukia nyumbani. Zungusha mpya nusu nusu.

Kochi lenyewe lifunike kwa shuka nene lililobanwa vizuri chini ya mito. Zile kona anazozipenda bandika selotepu pana, upande wa gundi ukitazama nje. Paka hapendi kitu kinachonata miguuni. Baada ya wiki kadhaa unaweza kuitoa.

Kucha zenyewe zikate ncha kila baada ya wiki mbili. Bonyeza kidole taratibu, kucha itatoka, kata ile ncha nyeupe tu. Ukiona sehemu ya pinki ndani, hapo kuna mshipa wa damu, usiguse. Mkate akiwa amelala lala baada ya kula, na vidole viwili vitatu kwa siku vinatosha.

Kuna watu huwa wanauliza kama kucha zinaweza kung'olewa moja kwa moja. Huko siyo kung'oa kucha tu, ni kukata mfupa wa mwisho wa kila kidole! Ni sawa na kukukata wewe vidole kwenye kiungo cha mwisho. Uingereza imepigwa marufuku, na mwaka 2019 New York ikawa jimbo la kwanza Marekani kupiga marufuku pia. Achaneni nalo kabisa.

3. CHANDARUA NA PAZIA

Hapa ndipo ninapotaka mkae vizuri, maana kochi ni kochi tu, lakini chandarua ni afya. Paka mdogo akiona neti inaning'inia anaona mti. Anapanda mpaka juu, na kila hatua ni matundu manne. Mbu mwenye malaria hahitaji mlango mkubwa.

Tunachofanya sisi ni hivi. Asubuhi ukiamka tu, kunja neti yote, izungushe na kuifunga fundo juu kabisa, mbali na kitanda. Usiku chomeka pande zote chini ya godoro, zikazwe, kisiachwe kitambaa kinachocheza cheza. Paka anavutwa na kinachocheza. Wakati wa kulala paka walale chumba kingine, au sebuleni kwenye boksi lao. Na kila Jumapili shangazi anaikagua neti kwenye mwanga wa dirisha na kushona matundu palepale. Tundu dogo likishonwa siku hiyo hiyo halikui.

Neti yenye dawa ikiwa mpya, itundikwe kivulini saa 24 kabla ya kutumika, na paka wasiitafune. Ukiifua, maji yale ya kufulia paka wasiyanywe.

Pazia nalo lisiguse sakafu. Mchana likunje na kulifunga fundo. Kitambaa kilaini kilichofumwa kwa karibu hakishiki kucha kama lesi, kwa hiyo mkiwa mnanunua pazia jipya, lesi iacheni kwanza mpaka wakue.

4. WAYA, NYUZI NA SINDANO

Waya ukitafunwa hasara ni mbili: chaja inakufa, na paka anaweza kufa kwa shoti au kuungua mdomo. Ekstensheni ifungwe nyuma ya kabati, chaja zichomolewe na kukunjwa zikishamaliza kazi. Waya usiohamishika, kama wa TV au friji, uvalishe bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu. Mabaki ya bomba kwa fundi umeme au fundi bomba yanatosha.

Kwenye nyumba ya fundi cherehani adui mkubwa ni UZI. Ulimi wa paka una vimiba vinavyotazama ndani, hivyo uzi ukishaingia mdomoni ni vigumu kuutema. Anaumeza. Ukifika tumboni upande mmoja unaweza kunasa, utumbo ukajikunja kwenye uzi kama kamba ya kaptura na kukatika. Hiyo ni operesheni au kifo. Uzi ukiwa na sindano ndio balaa zaidi.

Kwetu sheria ni moja: cherehani ikifunikwa, nyuzi zote, sindano, lastiki na vipande vya kitambaa vinaingia kwenye kopo lenye mfuniko, na sakafu inafagiwa. Na mkumbuke hili: ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma kwa paka, USIUVUTE. Unaweza kumchana utumbo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo vilevile ulivyo.

5. JIKO, NDOO NA SHIMO LA CHOO

Vitabu vya wazungu haviandiki haya, ila kwetu ndiyo yanayoua.

- Jiko la mkaa: usiku likipoa, majivu yanabaki na joto, na paka mdogo anapenda kulala humo. Asubuhi tazama ndani kabla ya kumwaga mkaa. Likiwa na moto, liwekwe sehemu yenye kizuizi. Sufuria lifunikwe na mikono yake igeuzwe ndani.
- Jiko la mafuta ya taa: ataliangusha. Liweke mezani penye ukingo au kwenye kona isiyofikika.
- Ndoo, pipa na beseni la maji: FUNIKA. Paka anaogelea dakika chache tu, na ukuta wa plastiki hauna pa kushika kucha. Weka jiwe juu ya mfuniko.
- Choo cha shimo: mlango ufungwe muda wote, na tundu liwe na kifuniko.
- Friji, kabati, droo na mashine ya kufulia: chungulia kabla ya kufunga.

Mlango wa nje nao una kazi yake. Kwenye nyumba za wapangaji wengi kila mtu anaingia na kutoka, basi bandikeni karatasi: TAFADHALI FUNGA, KUNA PAKA NDANI. Imetusaidia sana.

6. SUMU AMBAZO UNAZO NDANI BILA KUJUA

Ini la paka halifanyi kazi kama la binadamu, wala kama la mbwa. Vitu vidogo vinamuua.

Panadol: kidonge KIMOJA kinaweza kumuua paka. Hata kama ana homa, usimpe dawa ya binadamu.

Dawa ya viroboto ya mbwa: nyingi zina permethrin kwa wingi. Mbwa anavumilia, paka anaanza kutetemeka na kupata degedege. Soma maandishi, nunua iliyoandikwa kuwa ni ya paka.

Dawa za kusafishia sakafu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia majini: paka anakanyaga, kisha anajilamba miguu. Tumia sabuni ya kawaida, au mfungie chumba kingine mpaka sakafu ikauke.

Sumu ya panya: hii inaua mara mbili. Anaweza kuila yenyewe, au akala panya aliyekwisha kuila. Ukiamua kukaa na paka, sumu ya panya itoke ndani ya nyumba. Ongea na jirani pia.

Vyakula: kitunguu maji, kitunguu saumu na chokoleti. Mchuzi wenye vitunguu nao umo.

Maua: lile ua la lili linalopambwa kwenye harusi linaua figo za paka, hata chavua yake tu akiilamba. Mshubiri nao, ule wa kwenye kopo dirishani, asiutafune.

7. MADIRISHA NA GHOROFA

Mdau unayekaa ghorofani Kariakoo au Upanga, hii ni yako. Paka anajua kujigeuza hewani na kutua kwa miguu, ni kweli, lakini kutua kwa miguu siyo kupona. Mwaka 1987 madaktari wa mifugo wa New York waliandika kuhusu paka 132 walioanguka ghorofani na kufikishwa hospitalini kwao ndani ya miezi mitano. Asilimia 90 walipona, lakini wengi waliumia kifua, meno na taya. Na kumbuka hao ni waliofikishwa hospitali. Waliofia palepale chini hawakuhesabiwa.

Wavu wa mbu wa dirishani hautoshi, kucha zinaupasua. Gongelea wavu wa chuma wenye matundu madogo kwa ndani, ukishikwa na fremu ya mbao. Unazuia paka kuanguka, na mbu wanapata shida pia.

8. HAJA NA HARUFU

Ukishindwa hapa, mengine yote ni bure, maana kinachomfikia mwenye nyumba kwanza ni harufu.

Kanuni ni hii: beseni moja kwa kila paka, na moja la ziada. Kama chumba hakitoshi, basi angalau kila paka na lake. Mchanga uwe na kina cha vidole vitatu au vinne. Chukua mchanga wa chini, sio wa juu ya lundo la ujenzi, maana juu ya lundo paka wa mtaa wameshafanya choo chao. Uchekeche, uanike. Beseni likae kona tulivu, mbali na chakula. Paka hali anakojisaidia, kama wewe tu.

Kinyesi kitolewe KILA SIKU, na mchanga wote ubadilishwe kila baada ya siku chache. Hii siyo kwa ajili ya harufu peke yake. Kuna kidudu kinaitwa toksoplasma ambacho paka anaweza kukitoa kwenye choo chake, na mayai yake huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza. Ukisafisha kila siku unakiwahi. Mama mjamzito asisafishe beseni hilo, kazi hiyo ichukuliwe na mtu mwingine, maana kidudu hicho kinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Akikojoa nje ya beseni, osha kwa sabuni na maji, kisha siki. Usitumie kitu chenye amonia, kinanukia kama mkojo na atarudi palepale. Na USIMWAGE jiki juu ya mkojo, mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu. Akiendelea kukojoa ovyo, au dume akijikunyata kwenye beseni na mkojo hautoki, huo ni ugonjwa wa haraka. Daktari siku hiyo hiyo.

9. MCHEZO NDIO DAWA

Paka aliyechoka haharibu kitu. Mwinde kama porini: anyemelee, akimbize, akamate, aume, ALE, alale. Fuata mpangilio huo huo na utamshangaa.

Chukua fimbo, funga kipande cha kitambaa au unyoya kwa kamba nene. Kivute sakafuni kama panya anayekimbia, kifiche nyuma ya mto, kitokeze tena. Dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Mwache akamate mara kwa mara, asije akakata tamaa. Mkimaliza mpe chakula. Mchezo wa mwisho uwe kabla ya wewe kulala, na alfajiri utapumzika. Fimbo ikimaliza kazi ifiche, maana kamba ikiachwa ni yale mambo ya namba 4.

Vitu vya bure anavyovipenda: boksi tupu lenye matundu, mpira wa karatasi, kifuniko cha chupa kikubwa asichoweza kumeza. Mjengee pia rafu ya mbao juu ya kabati. Paka akiwa na njia yake ya kupanda, pazia anaisahau.

Mkono wako USIWE mchezo. Leo anauma kidogo unacheka, baada ya miezi minne ana meno ya kudumu. Akikuuma usivute mkono kwa nguvu, utachanika. Tulia kama maiti, kisha mpe kitu kingine cha kuuma. Kumpiga hakumfundishi kitu zaidi ya kukuogopa, na paka mwenye hofu ndiye anayekojoa kitandani. Halafu Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Kumsifia na kumpa kipande cha dagaa anapokwangua gogo lake kunafanya kazi haraka zaidi.

10. CHAKULA KWA UFUPI

Mpaka miezi sita ale mara tatu au nne kwa siku. Ugali mtupu haumtoshi. Paka ni mla nyama, kuna kirutubisho kinaitwa taurini ambacho anakipata kwenye nyama na samaki, na akikikosa anapofuka na moyo unaharibika. Dagaa, vichwa vya samaki na utumbo wa kuku vipikwe bila chumvi wala kitunguu. Dagaa wakavu waloweke kwanza chumvi itoke. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika kama sindano. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha wengi, maji safi yanatosha.

11. DAKTARI: CHANJO, MINYOO NA KUFUNGA UZAZI

Dawa ya minyoo anaanza mapema, wiki ya tatu, kila baada ya wiki mbili mpaka miezi miwili, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi mitatu. Ndiyo, kichaa cha mbwa kinampata na paka! Paka akikuuma au kukukwaruza na hujui chanjo zake, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa ule dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kufunga uzazi kunafanyika kuanzia miezi minne hadi sita. Mimba ya paka ni wiki tisa tu, na jike anaweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe, ndio utajua viroba vya sokoni vinatoka wapi. Dume akifungwa mapema, ule mkojo wa ukutani mara nyingi hauanzi kabisa. Anzia kwa afisa mifugo wa kata yako. Kama uko Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine kina hospitali ya wanyama.

12. MWENYE NYUMBA NA MAJIRANI

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Lakini mwenye nyumba hajali wahenga, anajali rangi ya ukuta wake.

Sisi tulipewa miezi mitatu ya majaribio. Masharti matatu: harufu isitoke nje, vifaranga vya mpangaji wa uani visiguswe, na chochote kikichakaa tulipe. Tukaomba yaandikwe kwenye karatasi, kila mmoja akasaini. Piga picha milango, madirisha na kuta siku hiyo hiyo, ili mkwaruzo wa mwaka juzi usije ukabambikiwa paka wako.

Kuhusu vifaranga tulimwonyesha jirani kwamba dirisha letu lina wavu, na tukamsaidia kutengeneza tenga la kufunikia. Dagaa walioanikwa nje ni jaribu jingine, kwa hiyo paka wetu hawatoki kabisa.

Mwezi wa tatu ulipofika, mama mwenye nyumba akaja bila taarifa. Shangazi akamsalimia, akamvutia kiti. Mama hakukaa. Akazunguka vyumba vyote, akanusa nyuma ya mlango, akagusa kochi, akatazama gogo la katani lililochakaa mpaka mbao inaonekana. Akauliza, "Hivi hili mnalibadilisha lini?" Nikamwambia kamba nimeshanunua. Akasema, "Haya. Ila wakizaa, mnahama wote watano." Koroboi alishafungwa uzazi wiki mbili kabla, tukamwonyesha kovu. Basi tupo mpaka sasa.

RATIBA YA SIKU, NAKILI UBANDIKE UKUTANI

- Alfajiri: kunja neti, chungulia jiko, mchezo dakika 10, chakula.
- Mchana: beseni lisafishwe, ndoo zifunikwe, chaja zichomolewe, chakula.
- Jioni: mchezo, chakula, fagia nyuzi.
- Usiku: mchezo wa mwisho, chakula kidogo, fimbo ifichwe, neti ichomekwe.
- Kila wiki mbili: kucha.

Wadau, kwa leo nakomea hapa. Mwenye paka aliyemshinda kabisa aandike hapo chini umri wake, jike au dume, na anachoharibu, tusaidiane. Na kama kuna daktari wa mifugo anayepita pita humu, tafadhali asituache.

Naomba kuwasilisha.